Figo ya Mume, Damu ya Mke

Msikilizaji, upandikizaji wa figo ukitajwa hapa Nairobi, maswali huwa mawili: nani atatoa, na nani atalipa. La tatu, iwapo mwili wa mgonjwa utaikubali figo hiyo, hujibiwa maabara, na ndilo lenye kauli ya mwisho.

Katika kipimo cha jadi, limfosaiti za mtoaji, aina ya chembe nyeupe za damu, huchanganywa na seramu ya mgonjwa, kisha rangi hutiwa. Chini ya hadubini, chembe zilizokufa zimeinywa rangi. Zilizo hai hubaki angavu. Zikifa, maana yake kingamwili za mgonjwa zinazijua tayari antijeni za mtoaji, yaani alama za chembe zake, na figo yaweza kukataliwa mgonjwa akiwa bado mezani.

Mtafiti Paul Terasaki wa Marekani alichapisha njia hiyo mwaka 1964. Njia hiyohiyo ilitumika pia kutambua antijeni za mtu, na seramu za kazi hiyo zilitoka hasa kwa wanawake waliozaa mara kadhaa, kwani mimba huweza kuufundisha mwili wa mama kuzipinga alama za baba. Leo vipimo vya DNA vimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini miili yetu haijabadilika.

Ndiyo maana mama wa Kawangware anayepanda matatu kwenda Hospitali ya Kenyatta kusafishwa damu huenda asiweze kupokea figo ya mumewe, hata akiitoa kwa moyo mweupe. Kuongezewa damu nako huzalisha kingamwili hizo. Haya, kwa maoni yangu, hayasemwi vya kutosha. Mwambie daktari kila mimba, hata iliyoharibika, na kila chupa ya damu uliyowahi kuongezewa.