Silaha Hazitembei Zenyewe



Habari za kupunguza silaha tumezoea kuziona kuwa ni mambo ya wakubwa wa Umoja wa Mataifa. Lakini bunduki haina miguu. Hupakiwa melini, ikashushwa gatini, ikatiwa katika behewa au lori, na kila mahali hapo pana mkono wa mfanya kazi kama sisi.

Tuangalie jambo lililotokea Durban, Afrika ya Kusini, mwezi wa Aprili 2008. Meli ya China, An Yue Jiang, ilifika na shehena ya serikali ya Zimbabwe: risasi karibu milioni 3, roketi 1,500 na makombora zaidi ya 3,000. Zimbabwe haina bahari, basi mzigo ulipasa kupita nchi ya watu. Huko kura zilipigwa tarehe 29 Machi, matokeo ya Rais yalikuwa hayajatangazwa, na wafuasi wa upinzani walikuwa wakipigwa.

Chama cha wafanya kazi wa uchukuzi, SATAWU, kikasema wanachama wake hawatashusha mzigo huo wala madereva hawatauchukua. Askofu Rubin Phillip na mwenziwe wakaenda mahakamani, na tarehe 18 Aprili mahakama ikazuia silaha zisipitishwe nchini. Meli ikang'oa nanga. Shirikisho la kimataifa la wafanya kazi wa uchukuzi likaviomba vyama vya bandari nyingine navyo visiushushe mzigo huo.

Mwenzetu atauliza: Tukikataa mzigo, si tutafukuzwa? Akikataa mtu mmoja, atafukuzwa. Durban kilikataa chama, tena hadharani, na mahakama ikazuia mzigo.

Mwaka 2006 Kenya na nchi nyingine 6 zilipeleka azimio Umoja wa Mataifa, na tarehe 2 Aprili 2013 Mkataba wa Biashara ya Silaha ukapita kwa kura 154 dhidi ya 3. Mkataba haukatazi nchi kujilinda. Unakataza kupeleka silaha huku unajua zitatumiwa kuua raia. Lakini karatasi hiyo haiwezi kufungua sanduku na kutazama ndani.

Kwa hiyo, ndugu, tusome hati za shehena. Tukiona shaka, mtu asijitie ushujaa peke yake; amwarifu mjumbe wa chama upesi, na chama kiseme.