KISOMEO AU KISHIKWAMBI: TUNUNUE KIPI?

(Mazungumzo ya Katibu wa Kamati ya Elimu mbele ya Mkutano Mkuu. Yamenakiliwa hapa ubaoni kwa faida ya wanachama ambao hawakuhudhuria.)



Mkutano uliopita mliiagiza Kamati ya Elimu ichunguze ni kifaa gani kitafaa chumba chetu cha kusomea. Fedha ni ile ziada ya alizeti, na inatosha kifaa kimoja tu. Ni jasho lenu. Kwa hiyo nitasema wazi, na pale nilipokosea nitakiri.

Vifaa ni vya aina mbili. Cha kwanza kimetengenezwa kwa kusomea vitabu; hapa nitakiita kisomeo. Mfano wake ni Kindle, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2007. Cha pili ni kishikwambi, ambacho vijana wanakiita tableti. Mfano wake ni iPad ya mwaka 2010, na siku hizi viko vya makampuni mengi.

Tofauti kubwa iko kwenye kioo. Kishikwambi kinatoa mwanga wake chenyewe, kama simu zenu za kupangusa. Kisomeo kina vijipovu vidogo sana, na ndani yake mna chembe nyeusi na nyeupe. Umeme unazisukuma chembe nyeusi zije juu mahali penye herufi, na nyeupe mahali pengine. Halafu zinatulia pale pale mpaka ugeuze ukurasa. Kwa hiyo juani kinasomeka kama karatasi, na chaji moja inaweza kwenda wiki kadhaa. Kishikwambi ukikitumia mfululizo, saa kumi hivi kimekwisha, na ukikitoa juani unaona uso wako mwenyewe.

Niliposikia hayo nikasema, jamani, kazi imekwisha, tununue kisomeo! Lakini Ndugu Mweka Hazina akaniuliza swali moja: "Ndugu Katibu, watu wanakuja chumbani kusoma nini?" Nikakosa jibu. Basi tukaweka daftari mlangoni mwezi mzima, kila anayeingia aandike anachotafuta.

Daftari limenifundisha. Wazee kadhaa walitaka vitabu vya hadithi na vya dini. Lakini wengi walikuwa wanafunzi wanaotaka vitabu vya kiada, na wakulima wanaotaka bei za mazao, au picha ya kiwavijeshi vamizi wamlinganishe na yule waliyemkuta kwenye mahindi.

Hebu tuone kisomeo kingewasaidiaje hao. Visomeo vingi havina rangi. Kiwavi wa kijani na wa kahawia wote wataonekana kijivu. Kuperuzi mtandao kinaweza, lakini kwa kujikongoja, na picha za video hakiwezi. Vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka mtandaoni vimepangwa kwa ukurasa mkubwa. Ukiubana ukurasa huo kwenye kioo cha inchi sita, herufi zinakuwa kama sisimizi. Tuliazima kisomeo tukajaribu. Mtoto alisukuma ramani kushoto, akaisukuma kulia, mwisho akaenda kuazima atlasi ya mwenzake.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza kishikwambi.

Lakini msipige makofi bado. Kifaa kinachofanya kila kitu, kila mtu atakitaka kwa lake. Jioni ya mpira mnadhani nani atakumbuka kiwavi? Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu kama milioni mbili walijifunza kwa redio, lakini redio haikuachwa peke yake: palikuwa na kikundi, kitabu na kiongozi. Na kuanzia mwisho wa mwaka 2017 hadi mwaka 2019, mkoani Tanga, watoto wa vijiji kama 170 walijaribiwa kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu Kiswahili kwa vishikwambi. Pale nako vilitangulia vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua. Kifaa bila mpango ni pambo.

Basi tunaomba mpitishe mambo matatu pamoja na ununuzi:

1. Kifaa kisitoke chumbani, na atakayekitumia atie sahihi kwenye daftari.
2. Alasiri ni ya wanafunzi. Asubuhi ni ya wakulima. Mpira hapana.
3. Vitabu na picha vipakuliwe na kuhifadhiwa ndani mapema, ili siku mtandao ukikatika kazi iendelee. Kasha la kukikinga lihesabiwe kwenye bei, maana kioo kikipasuka fedha imekwenda.

Neno la mwisho ni kwa wazee. Yupo mzee wetu mmoja aliyesoma kile kisomeo cha kuazima chini ya mwembe mpaka magharibi, na alipokirudisha akaniuliza kitakuja lini kingine. Kwa uamuzi huu, yeye ndiye anayekosa. Kwenye kishikwambi naye atakuza herufi, lakini chini ya mwembe hatasoma vizuri. Sipendi kuficha hilo. Naomba liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba ziada ya msimu ujao, ikipatikana, kisomeo kiwe cha kwanza kufikiriwa.

Nimesema. Kura ni zenu, Ndugu Wanachama.