Kukanda nyayo: burudani, si tiba

Kwenye barabara ya Bellaire, katika mtaa wa Wachina jijini Houston, yapo maduka ya kukandia nyayo. Eunice Ingham, Mmarekani aliyeueneza ustadi huo katika miaka ya 1930, aliamini kwamba kila sehemu ya unyayo inahusiana na kiungo fulani mwilini. Sayansi haijathibitisha hayo. Hata hivyo, kukandwa huburudisha.

Nawe utokaye zamu ya usiku, Houston au Dallas, waweza kujikanda nyumbani: osha miguu kwa maji ya uvuguvugu, paka mafuta ya nazi, kisha bonyeza taratibu kwa kidole gumba, kuanzia kisigino hadi vidoleni.

Lakini mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi amwone daktari kwanza: kidonda asichokihisi chaweza kumpotezea mguu. Na mguu mmoja uliovimba ghafla usikandwe. Huenda damu imeganda mshipani. Huo upelekwe hospitali.