Jino Nalo Huhamishwa Kama Mche



Leo tuzungumze juu ya meno. Ninyi ni wakulima. Mnajua kuhamisha mche kutoka kitaluni. Mkulima hodari huung'oa taratibu, huikinga mizizi isikauke, na huupanda upesi. Je, mnajua kuwa jino nalo huweza kuhamishwa hivyo?

Tuseme mtoto wa miaka 11 ameanguka kutoka mwembeni. Jino la mbele limepotea. Tena meno yake mengine yamebanana. Daktari wa kunyoosha meno akitaka nafasi, mara nyingi hung'oa magego madogo. Badala ya kulitupa gego hilo, madaktari wa Oslo, nchini Norway, walilipanda palipopotea jino la mbele. Baadaye hulirekebisha lifanane na mwenzake, na waya huyavuta meno yakae sawa.

Taarifa ya mwaka 2002 ilieleza habari za magego madogo 33 yaliyohamishwa na kupandwa. Baada ya miaka 17 hadi 41, karibu 9 katika kila 10 yalikuwa bado mdomoni!

Siri ni nini? Mzizi wa jino umefunikwa na ngozi nyembamba iliyo hai. Ngozi hiyo ndiyo hulishikiza jino kwenye mfupa wa taya. Ikikauka au ikikwanguliwa, jino halishiki vizuri, na mzizi huliwa kidogo kidogo. Tena mche mchanga hushika upesi. Jino ambalo mzizi wake bado unakua ndilo linalofaa zaidi.

Sasa mtaniuliza, "Daktari wa namna hiyo sisi tutampata wapi?" Kweli, ni wachache. Lakini siri hiyo inatufaa hata hapa kijijini. Mtoto aking'oka jino zima la ukubwani, msilirushe juu ya paa! Fanyeni hivi:

1. Lishikeni upande wa kutafunia. Msiguse mzizi.

2. Likiwa na mchanga, lisuuzeni kidogo kwa maziwa au maji safi. Msilisugue.

3. Lirudisheni papo hapo katika tundu lake. Mtoto aume kitambaa safi.

4. Mkishindwa, litieni katika kikombe cha maziwa baridi. Hakuna maziwa? Mtoto ateme mate kikombeni, mlitie humo. Msilifunge katika karatasi au kitambaa kikavu.

5. Nendeni hospitali mara moja. Jino likikaa kavu kwa saa nzima, ile ngozi huwa imekwisha kufa.

Jino la utoto likitoka, msilirudishe. Mtaweza kuliumiza la ukubwani lililo chini yake. Mtoto wa miaka 8 au zaidi, meno yake ya mbele kwa kawaida ni ya ukubwani.

Ndugu zangu, mche ukikauka, msimu ujao tutapanda mwingine. Jino la ukubwani likifa, halioti jingine. Waelezeni na jirani ambao hawakuja leo.