"Nikachomwe Sindano kwa Ajili ya Mafua?"



Naanza na jirani yangu hapa Uingereza, mama wa Kizanzibari mwenye miaka 71. Oktoba iliyopita alinipa simu yake nimsomee ujumbe uliotoka kliniki ya daktari wake wa mtaa. Nilipomwambia kwamba anaitwa akachanjwe, alinitazama kwa mshangao. "Mwanangu, mimi nikachomwe sindano kwa ajili ya mafua?"

Swali lake lina mizizi katika lugha yetu. Tumeyatia magonjwa mawili kwenye neno moja. Mafua ni kamasi na chafya za siku tatu, na dawa yake ni chai ya tangawizi na ndimu. Mafua hayohayo ndilo jina tulilolipa ugonjwa wa influenza, ambao virusi vyake ni vingine kabisa: hushuka mapafuni, humzidishia mgonjwa wa moyo au kisukari, na humlaza kijana mzima wiki nzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kwa maradhi ya njia ya hewa. Wataalamu wametupa jina la "homa ya mafua," nalo limebaki vitabuni. Jikoni watu husema mafua, basi. Na ugonjwa huu si mgeni kwetu: mwaka 1918 uliingia Mombasa kwa meli, ukapanda bara na reli.

Mama akauliza tena: mbona chanjo yenyewe ni ya kila mwaka? Surua huchanjwa utotoni, yakaisha. Hapa nilivuta kiti. Virusi vya influenza hubadilika kidogo kidogo kila vinapozaliana, hata kinga ya mwili iliyovijua mwaka jana ikavipita njiani isivitambue. Kwa hiyo kila Februari wataalamu, wakitumia sampuli kutoka maabara za nchi nyingi, huchagua virusi vya kutengenezea chanjo ya nchi za kaskazini. Kwa nchi za kusini huchagua Septemba. Viwanda vingi bado huvikuza ndani ya mayai ya kuku, kazi ya miezi. Yaani sindano ya Oktoba imeamuliwa kabla baridi haijafika, na yapo majira ambayo virusi huchepuka baada ya uamuzi. Chanjo ikilingana vizuri na virusi vilivyopo, hupunguza hatari ya kuugua kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 60. Nasema wazi kwamba kinga hiyo si kamili. Kwa mtu wa miaka 71, naihesabu kubwa mno kuiacha.

Wako wanaosema, "Nilichomwa, nikaugua." Nawaamini kwamba waliugua. Ila virusi vya kwenye sindano vimekwisha kuuawa, haviwezi kumwambukiza mtu. Na kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, muda wa kutosha kupata kirusi kingine basini.

Kuna jambo jingine ambalo wauguzi wengi hawalitaji mpaka waulizwe, nami naona walitaje. Chanjo ya watoto ya kupulizwa puani ina jelatini ya nguruwe. Nimewaona wazazi Waislamu wakikaa kimya, kisha hawarudi. Ndugu zangu, ulizeni! Ipo sindano isiyo na jelatini hiyo, na mzazi anaweza kuiomba bila malipo. Mkalimani naye ni haki yenu, bila malipo. Msimpe mtoto wa miaka tisa kazi ya kumtafsiria mama yake maradhi.

Mama alikubali kwenda, nami nikamsindikiza. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti ya mtu wa Tanga kwa kusikiliza kwangu. Mama akamuuliza muuguzi habari ya nguruwe, akajibiwa kwamba yake haina. Akauliza kama mkono utauma. Akaambiwa huenda, siku moja au mbili. Akapandisha mkono wa gauni.

Njiani alitembea kimya. Kisha akaniuliza awaambie nini wenzake wa darasa la Kurani, maana akisema mafua watamcheka. Nikamwambia, "Sema homa ya mafua, Bi Mkubwa." Akatikisa kichwa.

"Nitawaambia nimechanjwa ile homa inayolaza."