Somo la Redio: Mashine ya Kupokea Ujumbe wa Simu

Kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo tutaandika kidogo.

Fikiri kwamba umempeleka mtoto zahanati. Huku nyuma, simu yako ya mezani inalia. Ni ndugu yako, anataka kukuambia kwamba mama amelazwa hospitali. Hakuna wa kuitika. Anakata simu, nawe unarudi nyumbani hujui neno. Hapo ndipo mashine ya kupokea ujumbe ifaapo.

Chombo hiki kina asili ya zamani. Mwaka 1898, Valdemar Poulsen wa Denmark alibuni mashine ya kunasa sauti katika waya wa chuma kwa nguvu ya sumaku. Baadaye zilikuja mashine za kanda, kisha zisizo na kanda.

Sasa tufunge yetu. Iweke mezani karibu na simu, mahali pakavu. Chomoa ukutani waya wa simu. Mashine ina matundu mawili. Waya utokao ukutani uingie katika tundu ambalo kwa kawaida limeandikwa LINE. Waya wa simu uingie katika tundu la pili, lililoandikwa PHONE au TEL. Soma herufi hizo vizuri, maana ukibadilisha nyaya huenda mashine isifanye kazi. Kisha unganisha waya wa umeme. Inua mkono wa simu. Ukisikia mlio wa kawaida, umefunga sawa.

Chagua simu ilie mara ngapi kabla mashine haijaitika. Mara 4 zinafaa, ili mtu aliye uani apate nafasi ya kukimbilia simu.

Sasa ni zamu ya kalamu. Usibonyeze kitufe cha kurekodi kabla hujaandika maneno yako, maana asiyeandika hubabaika katikati. Andika hivi:

"Hujambo. Kwa sasa hatuwezi kupokea simu. Ukisikia mlio, tafadhali taja jina lako, namba yako na haja yako. Tutakupigia. Ahsante."

Yasome mara 2 kwa sauti, kisha urekodi polepole. Lakini angalia! Usiseme, "Tumesafiri, tutarudi Jumapili." Maneno hayo humfaa mwizi kuliko jamaa yako.

Ukimaliza, jaribu. Nenda kwa jirani, upige simu nyumbani kwako na uache ujumbe. Ukirudi utakuta taa inamweka au tarakimu inaonyesha 1. Bonyeza kitufe cha kusikiliza. Ukisikia sauti yako mwenyewe, kazi imekwisha.

Weka daftari dogo kando ya mashine. Kila urudipo nyumbani, sikiliza kwanza, uandike jina, namba na habari, ndipo ufute. Ukifuta kabla ya kuandika, umempoteza mtu. Tena, umeme ukikatika, hakikisha baadaye kwamba saa na salamu yako bado zimo, maana mashine nyingine husahau.

Neno la mwisho ni kwa mpigaji. Wako watu wakisikia sauti ya mashine huona haya, wakakata simu bila kusema. Usifanye hivyo. Sema jina lako, siku na saa, kisha namba yako polepole mara 2, kisha haja yako kwa maneno machache. Yule ndugu wa mfano wetu angesema hivi tu: "Mama amelazwa. Njoo leo." Maneno manne, nawe ungelifika hospitali kabla ya jioni.

Kazi ya darasa:
1. Kwa nini tusiseme katika mashine kwamba tumesafiri?
2. Tufanye nini kabla ya kufuta ujumbe?
3. Andika salamu ya mashine ya nyumbani kwako, kisha umsomee mwenzako.

Kwaherini, hadi somo lijalo.