LORI LETU LA JESHI: TUSILIVUTE WALA TUSILIUZE KABLA YA KULIPIMA

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya wanaushirika. Yamenakiliwa hapa ubaoni kwa faida ya wasiohudhuria. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.)



Kamati ya ushirika imetuomba sisi wa ofisi ya tawi tuzungumze juu ya lori lililosimama chini ya mkwaju pale ghalani. Tumekaa na fundi makenika siku mbili, tumeuliza, tumeshika kwa mikono yetu, na yote tuliyoelezwa tumeyaandika katika daftari la kisomo. Leo tunayaleta kwenu, maana lori ni la kila mwanachama.

Wote mnalifahamu lile Bedford la jeshi, la injini ya dizeli, silinda sita. Lilinunuliwa kwenye mnada wa magari chakavu. Limebeba pamba yetu misimu mingi, na limepita mbugani ambako malori ya kukodi yanagoma mvua ikinyesha. Sasa limepigwa na masika mbili bila kuwashwa. Kifuniko cha bomba la moshi kilipotea, na bomba lenyewe linatazama mbinguni. Maji ya mvua yakaingia. Leo injini haizunguki hata kidogo.

Ndugu wanaushirika, maneno yamekuwa mengi. Vijana wanasema lifungwe mnyororo, livutwe na trekta mpaka liwake. Wengine wanasema aitwe mnunuzi wa chuma chakavu aje na mizani yake. Wengine wanasema liachwe tu. Sisi tunasema tuanze kwa kujua ugonjwa wenyewe. Gharama ya kujua ni ndogo. Gharama ya kukosea ni kukodi lori kila msimu, na fedha hiyo inatoka katika pamba ya nani? Ni pamba yetu sisi.

Historia ya nchi yetu ina mafunzo mawili juu ya magari ya vita.

La kwanza ni la karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga kule Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Walileta mashine nyingi zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini mashine nyingi zilikuwa zimechoka, vipuri vilikuwa haba, na waendeshaji wengi hawakufundishwa vya kutosha. Zikaharibika upesi. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Hapo tunajifunza kwamba mashine ya jeshi ni ngumu, lakini isipopata fundi na matunzo inakuwa mzigo.

La pili wazee mnalikumbuka. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Serikali ilikusanya malori na mabasi, ya mashirika na ya watu binafsi, yakabeba askari na chakula. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya vita fedha za kigeni zilipungua sana, na miaka ya 1980 kupata kipuri kulikuwa kazi kweli kweli. Fundi wa wakati ule hakutupa injini kwa sababu imegoma. Aliifungua, akaitazama, ndipo akatoa hukumu. Nasi tufanye hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye injini yenyewe.

Watu wanapita wakisema, "Imenoki hiyo!" Jamani, kunoki na kuganda si kitu kimoja. Injini inanoki ikiwa inatembea: oili imekwisha au maji yamekauka, inapata moto kupita kiasi, beringi zinaungua, pistoni inayeyuka na kushika silinda. Ya namna hiyo haiponi kwa dawa, ni lazima ifumuliwe. Injini inaganda ikiwa imesimama: unyevu unaingia, kutu inashikamanisha ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Silinda ambayo valvu zake ziliachwa wazi ndiyo huumia zaidi. Lori letu lilifika pale mkwajuni kwa nguvu zake, likazimwa likiwa zima. Kwa hiyo tunalo tumaini kwamba limeganda tu.

Kwa nini tunakataza kulivuta? Mfugaji yeyote hapa anajua. Ng'ombe akizama katika tope la mbuga, ukimvuta shingo utavunja shingo, na miguu itabaki topeni. Kwanza unachimbua miguu. Na injini ni hivyo hivyo. Trekta lina nguvu nyingi, nalo halisikii maumivu ya injini. Mkono wa pistoni utapinda, ringi zitavunjika, na kama kuna maji juu ya pistoni ndiyo mbaya kabisa, maana maji hayabanwi kama hewa. Lazima kitu kivunjike. Hapo injini ya kupona itakuwa imeuawa na sisi wenyewe.

Utaratibu tuliokubaliana na fundi ni huu:

Kwanza, magurudumu yawekewe mawe, gia iwe huru, na betri iondolewe. Mkanda wa feni ulegezwe na stata ifunguliwe. Mara nyingine kilichokwama ni stata au pampu ya maji, na injini inasingiziwa bure.

Pili, oili imwagwe taratibu katika debe safi. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia kutoka. Oili ipitishwe kwenye kitambaa. Tukiona vipande vya chuma vinavyong'aa, tujue ugonjwa ni mkubwa. Oili chafu isimwagwe karibu na kisima.

Tatu, nozeli zote sita zifunguliwe, na kila moja iandikwe namba ya silinda yake. Maji yaliyomo yanyonywe kwa mpira. Kisha kila silinda imiminiwe kiasi cha kikombe cha chai cha mchanganyiko wa mafuta ya taa na ile oili nyepesi nyekundu ya gia otomatiki. Matundu yazibwe kwa vitambaa safi. Kila siku atazame mtu aliyepangwa, na palipopungua aongeze. Silinda ambayo mafuta hayashuki hata kidogo iandikwe, maana huenda ndiyo iliyoshika.

Nne, tungoje siku 14. Hili ndilo gumu kwetu, tunajua! Lakini mafuta yanatambaa polepole katika kutu, na hakuna anayeweza kuyaharakisha kwa kelele.

Tano, tuzungushe kwa mkono. Spana kubwa iwekwe kwenye nati ya mbele ya kranka, washike watu wawili tu. Kidogo mbele, kidogo nyuma, halafu kupumzika. Puli ichorwe mstari wa chaki. Mstari ukisogea upana wa kidole, huo ni ushindi: mafuta yaongezwe, kazi iahirishwe hadi kesho. Asije mtu na bomba refu la kuongezea nguvu, wala nyundo. Spana ikigoma kabisa, fundi atafungua kichwa cha injini atazame silinda kwa macho. Pistoni ikibidi igongwe, iwekewe gogo la mti mgumu na igongwe kwa adabu.

Sita, ikianza kuzunguka isiwashwe siku hiyo. Izungushwe mizunguko mingi nozeli zikiwa nje, ili mafuta yote yatoke juu ya pistoni. Wote wakae mbali na matundu, maana mafuta yanaruka na kuingia machoni. Kisha oili mpya, chujio jipya, tangi la dizeli lioshwe, rejeta ijazwe maji na kutazamwa kama inavuja. Stata ikirudishwa, izungushe injini bila dizeli mpaka geji ya oili ipande.

Saba, siku ya kuwasha, mtu mmoja asimame na kipande cha ubao tayari kuziba mdomo wa hewa. Injini ya dizeli ikinyonya oili iliyobaki ndani inaweza kukimbia yenyewe bila breki, na kukata dizeli hakutaizima. Ikikosa hewa, itazima. Ubao huo ushikwe na mtu mzima asiye na woga, na asitumie kiganja wala nguo. Watoto wasiwepo, na sigara zisiwepo.

Ndugu wanaushirika, hatuahidi kwamba lori litawaka. Anayeahidi kabla ya kufungua anadanganya. Tunachopendekeza ni kwamba fedha zitoke kwa hatua. Hatua ya kwanza inataka mafuta kidogo, oili na mikono yetu. Injini ikizunguka, kamati italeta hesabu ya hatua ya pili. Ikibidi kufungua kichwa na kutu ikawa imekula silinda, fundi ataleta bei ya silivu, pistoni na ringi, nasi tutailinganisha na bei ya kukodi lori kwa msimu mmoja. Bloku ikionekana ina ufa, basi tutaliuza mchana kweupe, mizani ikiwa mbele ya wanachama, na hesabu ibandikwe ubao huu huu. Lakini tukiliuza leo bila kulipima, mnunuzi atalipa bei ya chuma, na pengine kesho atapita barabara ya Lamadi akiliendesha. Tutamwangalia tu!

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu.

La kwanza, asilivute mtu, si kwa trekta wala kwa maksai.

La pili, tumekuta bomba moja la dizeli limefunguliwa na halipo. Aliyelichukua alirudishe. Hata usiku alete, aliweke mlangoni pa ghala, hataulizwa. Asipolileta, ajue ameiba jasho la shangazi yake na la mjomba wake.

La tatu, tunataka vijana wanne watakaofuatana na fundi tangu siku ya kwanza, wawili wa kike na wawili wa kiume, wenye kujua kusoma na kuandika. Kila kitu kitakachofunguliwa wakiandike: kimetoka wapi, nati ngapi, upande gani. Fundi akimaliza ataondoka zake. Ujuzi ubaki kijijini.

Maendeleo ya injini yataandikwa ubaoni hapa kila siku ya gulio, yawe mazuri au mabaya. Baada ya siku 14 tutaitana. Atakayekuwa na swali au ushauri kabla ya hapo, aje ofisini. Wazee mliowahi kuendesha malori haya, njooni pia, tunawahitaji sana.



Katibu wa Tawi